Umerudisha Nini? Uamsho wa Gahini na Swali Lake kwa Sisi wa Dzaleka

Mwaka juzi, wakati wa baridi, kwaya yetu ilipata ruhusa ya kutoka kambini Dzaleka kwenda Lilongwe kwa mkutano wa siku moja. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 45, na ndani ya minibasi tuliimba njia nzima. Kanisa lililotualika lilikuwa la Wamalawi. Mimi nilichaguliwa kutoa ushuhuda kwa Kiswahili, huku ndugu mmoja akifasiri kwa Kichewa. Nilisema kwamba nimezaliwa mara ya pili, kwamba mambo ya kale yamepita. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nikashuka jukwaani nikiwa na furaha.

Jioni, tukirudi, mzee mmoja Mrundi aliyeketi nyuma yangu aliniinamia akaniambia polepole, "Mwanangu, ushuhuda wako ulikuwa mzuri. Lakini umerudisha nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia sare za kwaya, nikamjibu kwamba zote zimo mfukoni. Alicheka, akasema, "Nenda kasome habari za Gahini, halafu tutaongea."

Insha hii ni matokeo ya swali lile. Nimejaribu kusoma na kuuliza: hawa watu wa Gahini walikuwa nani, walimaanisha nini waliposema mtu amezaliwa mara ya pili, na kwa nini mzee wangu alifikiri kwamba kuzaliwa huko kunapimwa kwa kitu kilichorudishwa? Hoja yangu ni kwamba katika historia ya Afrika Mashariki, kuzaliwa mara ya pili kulikuwa na nguvu pale kulipoanza na deni ambalo mtu anadaiwa na jirani yake. Pale kulipobaki neno tu, neno hilo halikuzuia mtu kuinua panga.

Nianze na jina la mahali tunapoishi. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi, Dzaleka ilikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, uliodumu tangu uhuru wa mwaka 1964 hadi 1994, hapa walifungwa watu wa aina nyingi, wakiwemo waliopingana na serikali. Wenyeji wanaeleza kwamba jina linatokana na kitenzi cha Kichewa, kuleka, maana yake kuacha. Mfungwa alipotoka hapa alitakiwa aseme kwamba ameacha, hatarudia tena. Sisi tuliotoka kaskazini tunalielewa neno hilo bila mkalimani. Mnyarwanda na Mrundi husema kureka, Mganda husema kuleka. Tuna lugha nyingi, lakini kuacha tunakuita kwa jina moja.

Kwa hiyo tunaishi mahali ambapo jina lake ni toba. Ila ilikuwa toba ya fimbo. Mtu anaweza kuacha jambo kwa kuogopa kipigo, na moyoni akabaki vilevile. Nikodemo, mwalimu wa sheria aliyemwendea Yesu usiku katika Injili ya Yohana, hakuwa mtu wa kupigwa fimbo. Alikuwa mtu mwema, aliyeheshimiwa, na bado aliambiwa kwamba lazima azaliwe upya. Tofauti kati ya kuacha kwa nje na kuzaliwa kwa ndani ndiyo iliyowasumbua watu wa Gahini.

Gahini ni kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji, na wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza walikuwa wamejenga hospitali pale. Mwaka 1928 alifika daktari kijana, Joe Church. Mara tu nchi ikapigwa na njaa kali, ambayo Wanyarwanda wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Watu walikufa njiani, wengine walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta chakula. Daktari alifanya kazi mpaka akachoka mwili na moyo. Mwezi Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alikuwa mtu wa elimu na mtumishi wa serikali. Alikuwa ametamani sana kwenda kusoma ng'ambo, nafasi ikampita, na jambo hilo lilimwachia uchungu. Nadhani kila kijana wa Dzaleka anayesubiri ufadhili anaweza kumwelewa. Lakini baadaye alikuja kuona kwamba uchungu ule wenyewe ulikuwa mzigo wa kuuacha, na kwamba kuna kitu kikubwa kuliko masomo ya ng'ambo. Basi Mwafrika huyu na Mzungu huyu waliketi pamoja, wakafungua Biblia na kufuatilia mafundisho ya Roho Mtakatifu. Si jambo dogo. Katika ukoloni, Mzungu alifundisha na Mwafrika akasikiliza. Pale Namirembe wote wawili walikuwa wanafunzi, na wote wawili walikiri kwamba wamepungukiwa.

Nsibambi hakwenda kuishi Gahini. Alimtoa mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekwenda huko kufundisha. Alikuwepo pia Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, mkubwa wa wasaidizi katika hospitali. Hospitali ilikuwa na magomvi: wafanyakazi walinung'unika, kazi ilifanyika kwa ulegevu, na wao na daktari hawakuaminiana. Mwaka 1931 Kinuka alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza matatizo yote ya Gahini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwelekeza kwenye dhambi iliyokuwa ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Fikiria: umesafiri safari ndefu kushtaki wengine, na unaambiwa ujitazame mwenyewe. Kinuka alikasirika. Lakini njiani, akirudi Gahini, alikubali kwamba ni kweli. Alipofika, wenzake waliona mtu mwingine. Kazi yake ilibadilika, na alianza kuomba radhi.

Naona mwanzo halisi wa Uamsho uko hapo zaidi ya kwenye mikutano mikubwa. Ulianza katika wodi, kati ya watu waliofanya kazi pamoja bila kupendana.

Mwishoni mwa mwaka 1933 kulikuwa na mkutano wa maombi Gahini. Watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama, na iliendelea kwa saa nyingi. Tangu hapo moto ulienea. Vikundi vilikwenda Burundi, na mwaka 1935 kukawa na mkutano mkubwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Mapema mwaka 1936 Blasio Kigozi alikwenda Kampala akiwa na ujumbe kwa viongozi wa kanisa kwamba kanisa limelala. Aliugua homa na kufa kabla ya kuutoa, lakini ujumbe ulisomwa, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa mwaka ule.

Watu wa Rwanda waliwaita Abaka, yaani wanaowaka moto. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Mwanzoni majina hayo yalikuwa ya dhihaka, kisha yakazoeleka. Walisalimiana na kufurahi pamoja kwa wimbo wa Tukutendereza, ambao hadi leo ukianzishwa hapa Dzaleka, wazee wa nchi tano tofauti wanaitikia. Hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki katika makanisa yao, Anglikana, Lutheri, Presbiteri, Methodisti, lakini kila wiki walikutana katika ushirika, wakaambiana ukweli. Waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Sasa nilianza kuelewa swali la mzee. Kwa watu hawa, kuungama peke yake hakukutosha. Aliyeiba blanketi la hospitali alilirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kwa ofisa akalipa. Aliyemchukia mtu alimwendea. Wenye maduka na maofisa wa serikali walishangaa kuona watu wanaleta vitu ambavyo hakuna aliyejua vimepotea. Walikuwa wanamfuata Zakayo wa Injili ya Luka, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu. Siku wokovu ulipofika nyumbani kwake, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuhesabu fedha: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Mfano ninaoupenda ni wa Festo Kivengere. Alikuwa mwalimu kijana huko Kigezi, aliyeokoka mwaka 1941. Baada ya hapo moyo wake ulimsumbua juu ya Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia. Alipanda baiskeli, akaendesha maili 50, yaani kilomita 80 na zaidi, kwenda kumwomba msamaha. Unaweza kusema kwamba mkoloni ndiye aliyepaswa kuja kuomba msamaha, na mimi nakubaliana nawe. Lakini Kivengere hakungoja. Chuki ilikuwa yake, basi aliirudisha yeye. Baadaye alifundisha miaka zaidi ya 10 Dodoma, Tanganyika, na Kiswahili alichokitumia huko kilimfanya awe mkalimani wa wahubiri wakubwa kabla hajawa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Upande wa ziwa Viktoria, Uamsho ulifika kwa Walutheri wa Bukoba, na miongoni mwao alitoka Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na baadaye rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Ndugu hawa walikuwa na makosa yao. Wengi walilaumiwa kwa kiburi, kwa kuwahesabu wasioungama hadharani kuwa si Wakristo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa kwa sababu ya mgogoro juu ya maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao, na hadi leo ukisoma habari hiyo unaweza kuona kosa pande zote mbili. Mtu anaweza kuungama kila kitu isipokuwa kujiona bora.

Hata hivyo, vizazi vya kwanza vilipimwa, na wengi walisimama. Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Walisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Wengine waliuawa kwa hilo. Watu wanabishana mpaka leo kama walikuwa upande sahihi wa historia ya uhuru, na ni haki kubishana. Lakini hakuna anayesema walikuwa na neno tu.

Rwanda, machafuko yalianza mwezi Novemba 1959. Maelfu ya Watutsi walikimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo, na wengine walihamishiwa Nyamata, eneo la Bugesera. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, alihudumu kati ya hao waliohamishwa. Usiku mmoja wa Januari 1964, wanajeshi walimchukua, wakampeleka mtoni, wakamwua. Mwenzake aliyechukuliwa pamoja naye alinusurika, na kwa kinywa chake watu walijua kwamba Yona alikwenda kwa utulivu, akiomba. Jina lake liliandikwa katika kumbukumbu ya mashahidi wa imani kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Nilipoisoma habari hii niliwaza: alikuwa mchungaji wa kambi. Waumini wake walikuwa watu kama sisi.

Uganda, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin baada ya maaskofu kulalamikia mauaji ya raia. Siku chache baadaye Kivengere na mke wake walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda wakiwa wakimbizi. Mwaka uleule alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashtua watu, kwa kuwa kilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakumaanisha kwamba Amin ametenda mema. Alimaanisha kwamba hataruhusu chuki ile ya zamani, aliyoirudisha kwa baiskeli, imrudie.

Kama historia ingeishia hapo, insha hii ingekuwa rahisi, na mimi ningekuwa na jibu la kumpa mzee. Haiishii hapo.

Mwaka 1994, kuanzia Aprili, kwa muda wa siku 100 hivi, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza Rwanda. Nchi ilikuwa ya Kikristo kwa sehemu kubwa sana. Watu walikimbilia makanisani kwa sababu zamani kanisa lilikuwa mahali pa usalama, na humo wakauawa: Ntarama, Nyarubuye, Nyange, na Nyamata, palepale alipohudumu Yona. Katika hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Arusha wamo padri wa Katoliki na mchungaji wa Kiadventista. Viongozi wa makanisa mengine, Waanglikana wakiwemo, walilaumiwa kwa ukaribu wao na serikali iliyopanga mauaji. Nchi ambayo moto wa Uamsho uliwashwa ikawa nchi ambayo Wakristo waliwaua Wakristo waliokuwa wakisali nao benchi moja.

Tufanye nini na jambo hili? Wengine husema wale wauaji hawakuwa wameokoka kweli, na mazungumzo yanakwisha. Mimi jibu hilo halinitoshi, kwa sababu linamwezesha kila mtu kujitoa. Nimejaribu kutafuta sababu, na naona tatu.

Ya kwanza, wokovu ulirithiwa. Babu aliungama mwaka 1934 kwa machozi. Mjukuu aliimba wimbo uleule kwa sababu ni wimbo wa nyumbani. Lakini kuzaliwa hakurithiwi. Ndiyo maana kunaitwa kuzaliwa.

Ya pili, orodha ya dhambi ilifupishwa. Watu waliungama pombe, uzinzi na wizi wa sukari, na walikuwa sahihi kuungama. Lakini dharau ya kabila kwa kabila, ile inayofundishwa mezani kwa utani na kwa methali, haikuingia katika orodha. Hakuna aliyeiona kuwa kitu cha kurudisha. Dhambi ambayo watu wote wa nyumba wanayo haionekani kama dhambi. Inaonekana kama akili.

Ya tatu, makanisa yalikua, yakapata shule, magari na urafiki na wakubwa. Kigozi mwaka 1936 alikuja na ujumbe wa kuliamsha kanisa. Miaka 50 baadaye, katika nchi alikofundisha, waliothubutu kuliamsha walikuwa wachache.

Lakini lazima niseme pia juu ya waliosimama, kwa sababu walikuwepo. Nchini Burundi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa. Walishikana. Waliuawa 40. Hawa hawakuwa Balokole, walikuwa Wakatoliki, na umri wao ulikuwa kama wangu na wako. Kilichowaandaa hakikuwa mkutano wa usiku mmoja. Katika seminari ile, kwa miaka ya vita, walikuwa wamefundishwa kuzungumza waziwazi juu ya ukabila, kula pamoja, kucheza pamoja na kuomba pamoja. Jambo lililokosekana katika orodha ya wengine, wao waliliweka mezani kila siku. Usiku wa jaribu walikuwa wamekwisha kuamua.

Mwaka uleule wa 1994 mambo matatu yalitokea ambayo yametufanya sisi kuwa hapa. Rwanda iliungua, na baadaye moto ukavuka kuingia Kongo yetu. Malawi ilifanya uchaguzi wa vyama vingi mwezi Mei na utawala wa Banda ukaisha. Mabadiliko hayo nayo yalianza kanisani, maaskofu Wakatoliki walipotoa barua ya Kwaresima mwezi Machi 1992 wakisema waziwazi juu ya dhuluma. Na gereza la Dzaleka likafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Mahali palipokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 sasa pana zaidi ya 50,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha wengi wetu. Makanisa ni mengi. Jumapili spika zao zinagombana hewani. Ukifika Lilongwe, sokoni na kwenye kituo cha mabasi, utamsikia mhubiri akiwaita watu wawe obadwa mwatsopano, waliozaliwa upya. Neno limejaa kila mahali. Swali ni kama kitu chenyewe kipo.

Hapa naacha habari za wengine, nizungumze juu yangu.

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Wengi walirudi bila kitu, kambi ikajaa zaidi, na foleni ya maji ikawa ndefu. Katika mtaa wetu mimi nilikuwa kijana wa kupanga madumu kwenye bomba. Kati ya waliorudi kutoka Lilongwe alikuwepo mama mmoja mwenye watoto watatu. Lafudhi yake ilinijulisha ni wa watu gani. Ni watu ambao nyumbani kwetu tulifundishwa kuwaogopa, na nina sababu za kutosha; sitaziandika hapa. Madumu yake yalikuwa ya njano, yenye kamba nyekundu. Kila siku niliyasogeza nyuma kidogo. Sikumtukana, sikumfukuza. Nilisogeza tu. Mara nyingi bomba lilikauka kabla hajafikiwa, naye alibeba madumu matupu akaondoka bila kusema neno. Jambo hili niliendelea nalo miezi mitatu. Jumapili niliimba.

Siku niliyotoa ushuhuda Lilongwe, madumu yale hayakuwa katika orodha yangu. Niliungama pombe niliyokunywa nikiwa na miaka 16. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi nao. Ningeweza kuendelea hivyo hadi kufa, kama mzee asingeniuliza.

Niliposoma habari za Kinuka, aliyekwenda kushtaki hospitali nzima akaambiwa ajitazame, nilifunga kitabu. Nilijua ninadaiwa nini. Ilinichukua siku 9 kwenda. Kutoka nyumbani kwetu hadi kwake ni hatua 200, si maili 50, na sikuwa na baiskeli ya kuilaumu.

Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Nilisema, "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuwa nikisogeza madumu yako nyuma. Nilifanya kwa makusudi, kwa sababu ya kabila lako. Nimekuja kuomba msamaha."

Hakuinua kichwa mara moja. Aliendelea kuchambua. Kisha alisema, "Nilijua. Watoto pia walijua." Nilitaka ardhi ipasuke. Baada ya kimya kirefu akaniuliza, "Sasa utafanya nini?"

Lilikuwa swali lilelile la mzee, kwa maneno mengine. Nilimwambia nitamletea maji. Akasema, "Basi lete. Miezi mitatu." Hakutabasamu. Nilimletea maji miezi mitatu, madumu mawili kila alfajiri kabla ya masomo. Mwezi wa kwanza hatukuzungumza. Wa pili mtoto wake mdogo alianza kunifuata njiani. Siku ya mwisho alinipa kikombe cha chai, akaniambia habari za mume wake aliyeuawa, na nani alimwua. Waliomwua walikuwa watu wetu. Sikuwa na neno la kusema, na nadhani hakutaka nilisema. Nilikunywa chai yote.

Sijui kama siku ile Lilongwe nilikuwa nimezaliwa mara ya pili, au kama nilizaliwa mlangoni kwa mama yule, au kama bado nazaliwa. Walimu wa dini wanaweza kujadili. Ninachoweza kusema kama mwanafunzi wa historia ni kwamba ushahidi wa Gahini, wa Nyamata na wa Buta unaelekea upande mmoja. Mabadiliko ya ndani hayaonekani, ndiyo, ni kama upepo. Lakini upepo hujulikana kwa jani linalotikisika. Kwa Kinuka jani lilikuwa wodi, kwa Kivengere lilikuwa baiskeli, kwa vijana wa Buta lilikuwa mikono waliyoshikana. Na pale ambapo hakuna jani lililotikisika, tusidanganyane kwamba upepo umepita.

Wenzangu tunaosoma hapa, wengi wetu tutakuwa viongozi wa kwaya, wachungaji, walimu, na Mungu akijalia, siku moja tutarudi makwetu. Tutarudi kwa watu walewale tuliowakimbia, na wao watatuona sisi vilevile. Dzaleka imetuchanganya foleni moja kabla ya siku hiyo. Tukishindwa hapa, kwenye bomba, sioni tutakavyoweza kule, penye mashamba na makaburi.

Nilimpelekea mzee insha hii aisome kabla ya kuikabidhi. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma kurasa zote bila haraka. Nilingoja anisifu. Alinirudishia karatasi, akasema, "Vizuri. Na kitabu changu cha historia nilichokuazima?"

Nilikuwa nimekisahau chini ya kitanda. Nilikwenda kukileta.